Maswali Yenu: Akina Mortimer wa Mpakani

SWALI: Wahariri, hamjambo? Nimesikia kuwa akina Mortimer, mabwana wa mpaka wa Uingereza na Wales, walimng'oa hata mfalme. Waliwezaje? Ni kama Wanabahani wetu wa Pate?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: La, Wanabahani walikuwa masultani, Mortimer walikuwa chini ya mfalme, ila kwa jina zaidi kuliko vitendo. Huko mpakani amri za kawaida za mfalme hazikufika: bwana alikuwa na mahakama yake, alijenga ngome bila idhini, akapigana vita vyake mwenyewe. Makao yao yalikuwa Wigmore, Herefordshire. Ndoa nazo ziliwatajirisha: mwaka 1301 Roger Mortimer alimwoa Joan de Geneville, mrithi wa Ludlow na ardhi za Ireland.

Roger huyo alimwasi Mfalme Edward II, akafungwa Mnara wa London. Mwaka 1323 walinzi walitiliwa dawa kinywajini, naye akatoroka kupitia jikoni kwa ngazi za kamba. Alirudi 1326 pamoja na Malkia Isabella, mke wa mfalme huyo. Januari 1327 Edward II akavuliwa taji. Mwaka uliofuata Roger akapata cheo cha Earl wa March (si mwezi wa tatu, ni “mpaka”). Uroho ukamponza. Alijilimbikizia ardhi mno, wakubwa wenziwe wakamchoka. Oktoba 1330 watu wa Edward III, mfalme mpya na mwana wa Edward II, walimvamia usiku katika ngome ya Nottingham, wakipitia njia ya chini kwa chini. Novemba akanyongwa Tyburn, mahali pa kunyongea watu London.

Mjukuu wake alirejeshewa cheo 1354. Earl wa tano alipokufa 1425 bila mtoto, urithi ulimwendea Richard wa York, mwana wa Anne Mortimer, dada wa marehemu, na mwana wa Richard huyo ndiye Edward IV, mfalme tangu 1461.