Ukiingia Chaldon, Geuka Nyuma

Wiki hii dada mmoja kaniandikia: anataka kuipeleka jumuiya yake kuona makanisa ya kale ya Uingereza, aanzie wapi? Dada yangu, kwanza nikusimulie nilivyoumbuka mimi.

Safari yangu ya kwanza niliwaongoza watu 11 kutoka kusini mwa London hadi Chaldon, kijiji cha Surrey, kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Petro na Paulo, lenye kuta za mawe ya gumegume. Nikawapanga mbele ya madhabahu, nikawasomea historia niliyoinakili. Dakika 20 tu, tukatoka. Mzee wetu mmoja akaniambia mbele ya wote: "Mwanangu, umetutoa nyumbani na baridi hii tuje kutazama kuta?" Usiku ule sikulala. Hadi leo neno lile linanichoma.

Kumbe hazina yenyewe tuliipa mgongo! Ukuta wa magharibi, nyuma ya waumini, una mchoro wa mwaka 1200 hivi, upana wake mita 5 na ushei. Ulizikwa chini ya chokaa hadi ulipofichuliwa mwaka 1869. Watu wake ni weupe, nyuma yao wekundu wa udongo. Ngazi imesimama katikati kutoka kuzimu hadi kwa Kristo. Wengine wanapanda, wengine wanaporomoka kichwa chini. Juu, Malaika Mikaeli anapima roho kwa mizani. Chini, mlariba kaketi motoni na mifuko yake ya fedha, mashetani wako huku na huku. Kando yake mafundi wadanganyifu wanavuka daraja lenye ncha kali kama meno ya msumeno.

Jumamosi iliyopita nilirudi na kundi jingine. Sikubeba karatasi. Tulipoingia nikasema, "Geukeni." Basi. Mama mmoja mfanyabiashara alisimama mbele ya daraja lile robo saa nzima, kisha akasema taratibu, "Hawa walipunja watu." Moyo wangu ulijaa, sioni haya kusema.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaotaka kuongoza watu, acheni kusoma makaratasi! Mchoro ule uliwahubiria wakulima wasiojua herufi hata moja. Ninyi mnaufunika tena kwa maneno. Ingia, nyamaza, geuka. Tazama ukuta wa nyuma kabla ya madhabahu. Waache watu watazame mpaka waulize wenyewe.

Dada, ukishapanga tarehe niambie. Nitakuja.