Jibu: Kupaka rangi juu ya picha wakati mkono unatetemeka

Ndugu yangu, umeuliza kama utaweza kuchora tena ilhali mkono unatetemeka na kukaa muda mrefu ni shida. Unaweza kabisa! Kamera ikufanyie mchoro wa awali. Chapisha picha iliyofifishwa kwenye karatasi nene isiyong'aa, ipake gundi ya akriliki (ya maji, inayokauka bila rangi), isubiri ikauke kabisa, ndipo uchukue brashi. Ukiruka hatua hiyo, wino wa printa unaweza kuchuruzika na kuchafua rangi zako. Mpini wa brashi uvishe sponji nene ili vidole visikaze. Uso wa mtu uache ubaki picha, paka mandhari ya nyuma tu. Huko mtetemo unapendeza mno. Hata Frida Kahlo, mchoraji wa Mexico, alichora akiwa kitandani baada ya ajali ya basi ya 1925. Ukichoka, pumzika, rangi ya akriliki iliyokauka haiharibiki, utaongeza tabaka jingine kesho.