Deki ya HD DVD ya mtumba: ninunue au niache?

Ndugu, unauliza kwa nini HD DVD ilishindwa na Blu-ray (zote mbili ni aina za diski za filamu zenye picha kali kuliko DVD) ilhali ilikuwa nafuu kuzalisha, na kama ununue deki yake ya mtumba. Usinunue. Ni kweli viwanda vya DVD vilihitaji marekebisho madogo tu kuitoa, lakini vita viliamuliwa na wenye filamu. Sony waliweka Blu-ray ndani ya PlayStation 3 mwaka 2006, mtu ananunua mashine ya gemu, kumbe tayari ana deki sebuleni (ujanja huo!). Januari 2008 kampuni ya filamu ya Warner Bros. wakatangaza kuhamia Blu-ray, na mwezi uliofuata Toshiba, waliokuwa wakiongoza kambi ya HD DVD, wakasalimu amri. Filamu mpya hazitoki tena kwa HD DVD. Labda uinunue kama tayari una diski zake kabatini, na hapo pia ijaribu kwanza kabla hujalipa.