Mipaka ya shule ikichorwa upya, usingoje barua

Wazazi wenzangu wa Maryland, na ninyi mnaohamia Marekani mkiwa na watoto wa shule: huku anwani ya nyumba ndiyo inayoamua mtoto atasoma shule gani ya umma. Maryland ina wilaya za shule 24, yaani kaunti 23 na jiji la Baltimore, na kila wilaya imegawa eneo lake kwa mipaka, mtaa huu shule hii, mtaa ule shule ile. Ikijengwa shule mpya, au ya zamani ikifurika hadi watoto wanasomea kwenye madarasa ya muda uani, bodi ya shule za wilaya inachora mipaka upya. Hapo mtoto anahamishwa shule na nyumba hamjahama.

Haya si mambo madogo. Mwaka 2019 bodi ya Kaunti ya Howard ilipitisha mpango uliohamisha wanafunzi zaidi ya 5,000. Ilitaka kupunguza msongamano, na pia watoto wa familia za kipato cha chini wasirundikwe katika shule chache. Upinzani ulikuwa mkali sana.

Zoezi kama hilo lilipofika kwenye kaunti yetu nilianza kuhudhuria vikao, na jambo moja liliniuma. Wenye nyumba zao walikuja kwa makundi, wamevaa fulana za rangi moja, ramani mkononi. Kutoka kwenye maghorofa ya kupanga, tunakoishi Waafrika wengi, tulikuwa wachache mno. Na maghorofa hayo ndiyo rahisi kuhamishwa: watoto wengi wanakaa eneo dogo, kwa hiyo ukiyasogeza yote upande wa pili wa mstari, hesabu ya shule iliyofurika inakaa sawa mara moja. Wasipokuwepo wa kuyasemea, nani atazuia?

Kwa hiyo ukisikia tu kwamba shule inajengwa au imejaa, ingia kwenye tovuti ya wilaya utazame ramani za mapendekezo. Barua inayokuja nyumbani mara nyingi inakuta mengi yameshaamuliwa. Wapangaji hawafanyi kazi kwa majina ya mitaa. Wamegawa kaunti kwenye vieneo vidogo vyenye namba. Tafuta namba ya kieneo chako na uitaje unapozungumza, maana ndiyo wanayoiandika.

Kiingereza kisikuzuie. Wilaya inayopokea fedha za serikali kuu inabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa. Omba mkalimani wa Kiswahili mapema, siku kadhaa kabla ya kikao, na usimtumie mwanao kukutafsiria. Wapo pia wanaonyamaza kwa sababu ya karatasi. Uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa 1982, kesi ya Plyler, unasema shule ya umma haiwezi kumnyima mtoto elimu kwa sababu hana karatasi za uhamiaji. Kama bado una hofu, andika maoni yako, au mpe jirani mnayeaminiana akusemee.

Ukipewa nafasi ni dakika mbili au tatu tu. Usizitumie kulalamikia bei ya nyumba, wala kuisema vibaya shule mnayopelekwa. Kuna watoto wa watu wanasoma pale. Nilimsikiliza mama mmoja Mkongomani, akiongea kupitia mkalimani. Alieleza kwamba mstari mpya ungewavusha watoto wake barabara ya njia sita isiyo na kivuko, na kwamba upande wa kituo cha basi hakuna hata njia ya waenda kwa miguu. Alikuwa na picha alizopiga asubuhi kukiwa bado na giza. Wajumbe waliokuwa wameinamia makaratasi yao waliinua vichwa, na mmoja akamuuliza ni makutano gani. Hilo ndilo swali unalolitaka.

Kura ikishapigwa, uliza upesi kuhusu misamaha. Wilaya nyingi huwaruhusu walio karibu kumaliza sekondari wamalizie walikoanza, na baadhi huwafikiria ndugu wanaosoma shule moja, lakini fomu zina tarehe ya mwisho. Na kabla hujatia saini, soma sehemu ya usafiri: mara nyingi anayebaki kwa msamaha hapewi basi, na ni mzazi atakayempeleka na kumrudisha kila siku.