Jibu: Ramani ya udongo inasema tifutifu, shamba langu linatuamisha maji

Ndugu, ramani haijakudanganya, ila inachorwa kwa eneo kubwa. Ndani ya shamba moja tu udongo hubadilika: juu ya mteremko huwa mwembamba na wenye changarawe, bondeni ndiko rutuba na mfinyanzi, udongo unaoshika maji, hukusanyika. Wewe umesema bustani iko bondeni, kwa hiyo sishangai.

Pima mwenyewe. Chukua udongo wa kina cha sentimita 15 hadi 20, toa mizizi na mawe, jaza nusu ya chupa ya kioo, ongeza maji, tikisa sana, kisha iache. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi, chembe laini baada ya saa kadhaa, mfinyanzi unaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Tabaka la juu, yaani mfinyanzi, likiwa nene, umepata jibu. Au finyanga udongo mbichi kiganjani: ukivutika kama utepe mrefu bila kukatika, huo ni mfinyanzi.

Tafadhali usimwage mchanga kurekebisha, wengi wameishia na kitu kama tofali. Weka mboji kila msimu, inua matuta, na usilime udongo ukiwa umelowa.

Kuhusu kuweka chokaa ili kupunguza tindikali ya udongo, subiri. Mboga nyingi hupenda pH (kipimo cha tindikali) ya 6 hadi 7, na hiyo huijui kwa macho. Chota udongo sehemu 10 au zaidi, changanya, peleka maabara. Bondeni na mteremkoni ziwe sampuli mbili.