Mtajie Mungu deni lako kwa kiasi chake

Januari ya Moshi anaijua anayeishi Moshi. Desemba watu wanapanda nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko, barabara zinajaa magari, soko la Mbuyuni halipitiki, na sisi wenye biashara ndogo tunauza mpaka usiku. Sikukuu zikiisha wanashuka. Tunabaki na ada, sare, madaftari, kodi ya fremu ya duka, na marejesho ya kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ambayo hayasubiri mtu. Mimi nashona na kuuza vitenge. Huu ndio msimu ambao usingizi hukatika saa tisa usiku na moyo ukaenda mbio. Nawaandikia akina mama na akina baba walio katika hali hii jinsi ninavyoomba, kwa sababu maombi yamenishika mkono kweli.

Wengi tuliokulia kanisani tunaomba kwa ujumla. "Bwana, wewe unajua shida zetu zote, tusaidie, amina." Ni kweli anajua. Lakini tazama Yeriko, Marko sura ya 10. Bartimayo ni kipofu, ameketi kando ya njia anaomba, kila apitaye anaiona shida yake, na bado Yesu anamwuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Alitaka aseme mwenyewe. Nimeona kwamba sala ya jumla huniacha na mzigo uleule, maana hofu yangu si ya jumla. Hofu yangu ni laki mbili na nusu ya kikoba, tarehe 20, na uso wa mwenye fremu akisimama mlangoni.

Anayenisaidia zaidi hapa ni mfalme Hezekia. Senakeribu mfalme wa Ashuru alipomletea barua ya vitisho, Hezekia aliichukua, akapanda nayo nyumbani kwa Bwana, akaikunjua mbele za Bwana, ndipo akaomba. Karatasi yenyewe! Isomeni katika 2 Wafalme 19. Basi nami saa kumi na moja alfajiri, watoto wakiwa bado wamelala, naliweka daftari la madeni mezani pembeni ya Biblia, nalifungua, nasoma mstari kwa mstari kwa sauti ya chini: huyu namdai, huyu ananidai, kiasi hiki, siku hii. Aliyeniumiza namtaja jina. Nikiwa na hasira nasema nina hasira. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumwuliza Mungu "hata lini", kwa hiyo sioni sababu ya kuficha machozi mbele zake. Kisha nashukuru kwa jambo la jana, nalo kwa jina lake: cherehani haikunisumbua, mteja wa Kibosho amemaliza salio. Paulo alipowaambia Wafilipi waombe "pamoja na kushukuru" alikuwa kifungoni, ndiyo maana neno lake nalipokea.

Hapo ndipo nachukua kalamu. Kila mstari nauuliza: lipo la kufanya leo? Likiwepo naliandika. Lisipokuwepo nalikabidhi mpaka kesho, maana Yesu alisema tusiisumbukie kesho. Mara nyingi la leo ni moja tu, na ndilo ninaloliogopa: kumpigia mwenyekiti wa kikoba kabla ya siku ya kikao. "Shikamoo mama. Mwezi huu nitaleta nusu, iliyobaki nitaileta tarehe 5." Ujasiri wa simu hiyo naupata magotini.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nawaona wanaokwepa simu hiyo. Wanazima namba, wanakimbilia mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, ili walipe kikoba, mwezi unaofuata wanadaiwa kotekote. Wengine huambiwa wapeleke pesa waombewe, au wauziwe maji na mafuta ya kufuta madeni. Ndugu yangu, anayekuuzia maombi wakati unadaiwa anakuongezea deni. Usiende.

Na mwili nao usiuache. Eliya alipomkimbia Yezebeli aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakuanza na mahubiri. Alimgusa akamwambia, "Inuka, ule." Kulikuwa na mkate na maji. Akala, akalala tena, akaamshwa akala tena, ndipo akapata nguvu za kwenda Horebu. Ndiyo maana mikesha ya mfululizo kwa mtu ambaye hajala wala hajalala siiungi mkono hata ikiitishwa na mtu ninayemheshimu. Saa nne usiku weka simu mbali. Kunywa uji, lala.

Usingizi ukikataa wiki baada ya wiki, chakula kikawa hakipiti, au yakakujia mawazo ya kutaka kufa kama ya Eliya, mwambie mtu leo hiihii na uende hospitali. Usiogope kuonekana huna imani. Hospitali yetu ya KCMC hapa Moshi ilifunguliwa mwaka 1971 kwa kazi ya makanisa, kupitia Shirika la Msamaria Mwema. Watu wa sala ndio walioona Wakristo wanahitaji madaktari.

Jumuiya nayo ni msaada mkubwa, ila usimwage kila kitu mbele ya wote. Tafuta mmoja anayetunza siri. Mimi ninaye mama mmoja, mtu mzima, ambaye namtajia kiasi na tarehe kama ninavyomtajia Mungu. Tarehe ikifika anapita dukani asubuhi, hata sijamaliza kupanga vitambaa, ananiuliza, "Ile ya kikoba umeifikisha?" Ikiwa bado, tunaomba hapohapo tumesimama, halafu anavuta kiti na kungoja mpaka nipige simu.