Maswali na majibu: "2-14" ni kikosi gani, na rejimenti yake iko wapi?

Swali: Nasoma habari za mapigano ya Mogadishu ya Oktoba 1993. Kikosi kilichotumwa kuwatoa Ranger (askari wa miguu wa operesheni maalumu wa Marekani) waliozingirwa kinaandikwa "2-14 IN, Divisheni ya 10 ya Milimani". Naelewa kuwa ni Batalioni ya 2 ya Rejimenti ya 14, lakini sioni popote kamanda wa rejimenti hiyo wala makao yake. Chanzo kimoja kinasema kikosi kilianza 1861, kingine kinasema 1943. Halafu Marine (askari wa Marekani wanaoshambulia kutoka baharini) wanaandika "2/9". Ni mtindo uleule? Naomba ufafanuzi. — Msomaji, Dodoma

Jibu: Ndugu msomaji, hukumwona kamanda wa Rejimenti ya 14 kwa sababu hayupo. Batalioni zake zipo, bendera na nembo zipo, ila hakuna ofisi inayotoa amri kwa jina la rejimenti hiyo.

Jina la kikosi cha Jeshi la Nchi Kavu la Marekani limebeba minyororo miwili. Mmoja ni wa amri: nani anamwamuru nani leo. Mwingine ni wa ukoo: kikosi kimerithi historia ya nani. "Divisheni ya 10 ya Milimani" ni mnyororo wa amri, na "ya 14" ni wa ukoo. Ukiichanganya, kila tarehe utakayoisoma itaonekana kugongana na nyingine.

Tuanze na ukoo. Hadi Vita Kuu ya Pili na ile ya Korea, rejimenti ya askari wa miguu ilikuwa kikosi kamili: kanali mmoja, batalioni tatu, na kombania zenye herufi mfululizo. A hadi D zilikuwa za batalioni ya kwanza, E hadi H za pili, I hadi M za tatu. J iliachwa, kwa kuwa kwa mwandiko wa mkono ilifanana mno na I. Mwaka 1957 jeshi lilijipanga upya kwa hofu ya bomu la nyuklia. Rejimenti nzima ikikaa mahali pamoja ingekuwa shabaha nono, hivyo divisheni ikapewa makundi matano ya mapigano, kila moja kubwa kuliko batalioni na dogo kuliko rejimenti. Mpango huo haukudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 brigedi na batalioni zikashika nafasi, na ndizo zilizopo mpaka leo.

Hapo likazuka tatizo la urithi. Kama rejimenti haipo tena kama kikosi cha vita, heshima zake za tangu Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe zichukuliwe na nani? Jibu la 1957 lilikuwa kuzifanya kombania za zamani kuwa mbegu. Kombania A ya rejimenti ikawa chimbuko la kundi la 1 (baadaye Batalioni ya 1), B la kundi la 2, C la 3, na kuendelea.

Hapa ndipo hata waandishi wazoefu huteleza. Batalioni ya 2 ya leo si mtoto wa batalioni ya 2 ya zamani. 2-14 ya Mogadishu, kwa karatasi, imetokana na Kombania B, ambayo zamani ilikuwa ya batalioni ya *kwanza*. Ndivyo ilivyo pia kwa Kombania E ya Rejimenti ya 506, iliyoruka Normandy Juni 1944 ikiwa chini ya batalioni ya 2. Ukiitafuta damu yake katika 2-506 ya leo hutaipata, kwani 2-506 nayo ni uzao wa Kombania B. Kilichopunguza ukali wa jambo hili ni kwamba heshima za vita za rejimenti hubebwa na batalioni zake zote. Ndiyo maana askari wa 2-14 wanajiita Golden Dragons na kuvaa nembo yenye joka la Kichina, ingawa mpiga tarumbeta Calvin Titus, aliyepanda ukuta wa Peking (Beijing), China, tarehe 14 Agosti 1900 na kupewa Nishani ya Heshima, alikuwa wa Kombania E.

Kwa hiyo 1861 ni mwaka wa rejimenti, na 1943 ni wa divisheni. Divisheni ya 10 ilianza kazi Camp Hale, Colorado, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,800, tarehe 15 Julai 1943. Jina la "Milimani" ililipata Novemba 1944, ikaenda Italia kupigana Riva Ridge na Mlima Belvedere mapema 1945. Rejimenti zake wakati huo zilikuwa 85, 86 na 87. Ya 14 haikuwamo. Korea, Rejimenti ya 14 ilipigana ndani ya Divisheni ya 25, na Vietnam 2-14 vivyo hivyo. Mwandishi anayesema "2-14 ilipigana Riva Ridge" amewapa askari hao historia ya watu wengine.

Divisheni yenyewe ilizimwa Novemba 1945, ikarudi 1948 kama divisheni ya kawaida ya askari wa miguu, ikazimwa tena 1958, na kuhuishwa Fort Drum, New York, tarehe 13 Februari 1985. Nimetumia "kuzimwa" makusudi. Katika hati za Marekani kikosi *huundwa* kinapoingizwa kwenye orodha ya jeshi, hata bila askari. *Huhuishwa* kinapopewa watu na vifaa. *Kikizimwa* watu huondoka, ila namba na ukoo hubaki kwenye orodha, na *kikivunjwa* huondolewa kwenye orodha kabisa. Ukisoma kwamba kikosi "kilivunjwa 1945" kisha kikapigana 1993 na historia yake yote, mara nyingi kosa ni la mfasiri.

Unaweza kuuliza kama jambo hili lina maana nje ya makaratasi. Linayo, ukitazama nani yuko wapi leo. Brigedi ya 2 ya Divisheni ya 10, hapo Fort Drum, ina batalioni za askari wa miguu 2-14, 2-87 na 4-31: rejimenti tatu, brigedi moja. 1-14, ndugu yake 2-14 kwa ukoo, iko Hawaii katika Divisheni ya 25. Hawana mkubwa wa pamoja hadi ngazi za juu sana. Wasomaji waliosikia habari za KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) hawatashangaa sana: 6 KAR ya Tanganyika na batalioni nyingine zilishiriki jina moja, lakini vitani kila moja ilipokea amri kutoka brigedi iliyopangiwa.

Usiku ule wa tarehe 3 Oktoba, mnyororo wa amri ndio uliofanya kazi. 2-14 ilikuwa kikosi cha dharura cha Marekani kilichosaidia operesheni ya Umoja wa Mataifa. Kombania C ilijaribu kutoka mapema ikazuiwa kwa risasi. Baada ya saa tano usiku msafara mkubwa ukaondoka bandarini pamoja na magari ya deraya ya Malaysia aina ya Condor na vifaru vinne vya Pakistani aina ya M48. Kombania A ilielekea mahali ilipoanguka helikopta ya kwanza, C ilipoanguka ya pili.

Nao Ranger waliokuwa wakiokolewa wako kwenye kundi dogo lisilofuata kanuni niliyoeleza. Rejimenti ya 75 ya Ranger ina kanali, makao na batalioni zake hasa. Vivyo hivyo Rejimenti ya 160 ya helikopta za operesheni maalumu, na Rejimenti za 2, 3 na 11 za Wapanda Farasi. Njia ya haraka ya kupima ni kuuliza: je, rejimenti hii ina kamanda anayepeleka batalioni zake vitani? Kama hana, ni jina la ukoo tu.

Vifupisho vya mwisho navyo vinasema kitu. IN ni askari wa miguu, AR vifaru, FA mizinga, CAV wapanda farasi. Kwa CAV angalia neno linalotangulia. "Skwadroni" kwa kawaida ni kikosi cha upelelezi. "Batalioni" ya Cavalry ni kikosi cha mapigano chenye jina la kihistoria, kama 1-7 CAV iliyotua Ia Drang Novemba 1965: askari wa miguu waliosafiri kwa helikopta.

Sasa Marine. Mtindo si uleule. Wao hawakuingia katika mpango wa 1957, na rejimenti zao zina makamanda. "2/9" ni Batalioni ya 2 ya Rejimenti ya 9 ya Marine, nayo ndiyo iliyotua Mogadishu tarehe 9 Desemba 1992 ikiwa ndani ya kikosi cha 15 cha safari za baharini. Ugumu wao uko kwenye kuacha neno "rejimenti". Ukikuta "1st Marines" hiyo ni Rejimenti ya 1. Divisheni ya 1 huandikwa kwa ukamilifu, "1st Marine Division", na ukubwa wake ni mara kadhaa wa rejimenti hiyo. Herufi "s" moja inakutenganisha na maelfu ya askari. Na ukisoma kuhusu mhudumu wa tiba aliyejeruhiwa akiwa na 2/9, usimwite Marine: Marine hawana wahudumu wao wa tiba, hupewa na Jeshi la Wanamaji.